Tuta la bonde lipate wenyewe kabla ya bamvua za mwezi wa 3

Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno juu ya shehia za Pemba zilizokaa pale mto unaposhuka bondeni na kukutana na mkono wa bahari. Shehia hizi zinafanana. Zina bonde la mpunga, zina mikandaa, yaani miti ya kwenye maji ya chumvi, mbele yake, zina bandari ndogo ya ngalawa na madau, na baina ya mpunga na bahari lipo tuta la udongo. Tuta hilo ndilo linaloamua kama kinamama watavuna mwaka huo au watanunua mchele wa dukani. Lakini ukiuliza tuta ni la nani, mmoja atakwambia la mradi, wa pili atasema la serikali, wa tatu atasema la sote. Na likishakuwa la sote kwa namna hiyo, hakuna anayeamka kwenda kulitazama.

Rai yetu ni kila shehia yenye tuta iwe na kamati ya tuta ambayo watu wake wanajulikana kwa majina, yenye daftari, sanduku, vifaa na siku zake za kazi, na iwe imeshaanza kazi kabla ya bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, za mwezi wa 3. Saruji na misaada tunaihitaji, hatukatai. Ila matuta mengi hayakuvunjika kwa kukosa saruji. Yamevunjika kwa tundu la kaa lililoonekana wakati wa vuli likaachwa mpaka masika.

Wazee wa pwani wanajua kuwa bamvua hufuata mwezi wa kuandama. Maji hujaa sana kuanzia mwezi mosi hadi mwezi tatu hivi, yaani tarehe 1 hadi 3 za Kiislamu, na tena baada ya mwezi mpevu, kati ya tarehe 15 na 18 za Kiislamu. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita 4 na wakati mwengine kuzidi kidogo, ilhali siku za maji mafu haifiki hata mita 2. Bamvua kubwa za mwaka ni zile za mwezi wa 3 na mwezi wa 9. Za mwezi wa 3 ndizo za hatari zaidi kwa mkulima, kwa sababu ndio wakati mpunga unapopandwa au ndio kwanza unachipua, na mche mchanga wa mpunga hauvumilii chumvi. Mpunga hudhurika zaidi katika nyakati mbili: ukiwa mche, na unapotoa maua. Baina ya hapo huvumilia kidogo. Ndiyo maana maji ya chumvi yakiingia mwezi wa 3 hasara yake ni kubwa, hata kama yameingia siku mbili tu.

Jambo zuri ni kwamba katika visiwa vyetu maji ya bamvua hujaa karibu saa 10 hadi 11 jioni, na tena alfajiri kwa saa hizo hizo. Yaani watu wanapotoka msikitini baada ya sala ya Alasiri, bahari imejaa kabisa kwenye tuta. Hapo ndipo pa kulikagua. Anayekwenda asubuhi saa 4, maji yamekupwa na udongo umekauka, ataona tuta zima lipo sawa na atarudi nyumbani na habari isiyo ya kweli. Watu wawili, jioni hiyo, mmoja apite juu na mwengine apite chini upande wa bonde, na kazi ya wote wawili ni kutafuta maji yanayojipenyeza.

Anayepita chini ndiye mwenye kazi kubwa. Akikuta mahali panatoka maji, asikimbilie kuziba. Kwanza ayakinge kwa kiganja au kwa kikombe ayatazame. Yakiwa safi kama maji ya kisima, tuta linavuja lakini halijaanza kuliwa. Aweke kigingi, aandike, na parudiwe kuangaliwa jioni ya pili. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unachukuliwa, na hapo pana njia inayopanuka kila saa. Watu wengi huona tope wakatia udongo na mawe palepale maji yanapotokea. Hilo ni kosa. Maji yaliyozibwa upande wa kutokea hutafuta pembeni, na nguvu yote ya bahari inabaki ndani ya tuta. Linalofaa ni kupanga polo zilizojazwa mchanga kuzunguka pale yanapotoka, duara la upana wa kama mita 1, polo juu ya polo, ili maji yapande ndani ya duara hilo. Yakipanda, msukumo unapungua, na utaona tope linapungua nalo mpaka maji yanakuwa safi. Hapo muache hivyo hivyo. Ziba halisi hufanywa upande wa bahari maji yakishakupwa, kwa kulitafuta tundu la kuingilia na kulijaza udongo wa kinamo ulioshindiliwa.

Matundu mengi ni ya kaa. Tundu la kaa si la kuzibwa mdomo tu kwa teke la mguu, kwa sababu kaa atatoboa pembeni usiku huohuo na lile shimo la ndani limebaki. Lichimbwe kwa kulifuata mpaka mwisho wake, hata kama ni urefu wa mkono mzima, kisha lijazwe kidogo kidogo huku likishindiliwa kwa mti. Ni kazi ya mtu mmoja na makarai matatu ya udongo, haifiki hata saa moja.

Sasa tuilinganishe kazi hiyo na ile ya kurudisha tuta lililokatika. Chukua tuta la kimo cha mita 1.5, upana wa mita 1 juu, mteremko wa bahari ukiwa mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo na wa bonde mita 1.5. Upana wa chini unakuwa mita 6.25. Likikatika mita 6 tu, pengo hilo linahitaji mita za ujazo 33 za udongo ulioshindiliwa, na kwa kuwa udongo uliochimbwa hupungua ukishindiliwa, mtachimba kama 40. Karai moja la ujenzi ni kama lita 10, kwa hivyo ni makarai 4,000. Mtu mmoja, akichimba, akibeba na kushindilia, kwa siku atamaliza mita moja ya ujazo. Mnazungumzia watu 40 kwa siku nzima, na hapo bado hatujasema shimo. Maji yanayoingia na kutoka kwenye pengo mara mbili kila siku huchimba shimo chini ya pengo lenyewe, mara nyingi refu kuliko kimo cha tuta. Kulijaza shimo hilo ni kutupa nguvu za watu majini. Nafuu ni kulizunguka kwa tuta jipya lenye umbo la kwato ya farasi upande wa bonde, na kupoteza sehemu ya konde la mtu. Hapo tena panakuwa na ugomvi wa fidia. Haya yote yangeepukwa kwa makarai matatu.

Kazi ya kufunga pengo ifanywe siku za maji mafu, kuanzia mwezi 8 hadi 10 au 22 hadi 24 kwa tarehe za Kiislamu, ambapo bahari haifiki kabisa kwenye tuta hata ikijaa. Mnapata siku tatu hadi nne za kazi kavu. Anayeanza kufunga mwezi 12 atakuwa anashindana na bahari inayopanda kila siku, na kazi ya siku nzima itachukuliwa usiku.

Udongo wenyewe una masharti. Mchanga hauzuii maji, na kinongo chekundu peke yake huchukuliwa na mvua. Kinachofaa ni kinamo cha bondeni, kilichochanganyika na mchanga kidogo ili kisipasuke kikikauka. Ukitia kinamo mkononi ukakibana, kikishika bila kutoa maji na bila kumeguka, ndio hali ya kufanyia kazi. Kabla ya kuweka udongo mpya, nyasi na mizizi ing'olewe yote, na ubavu wa tuta la zamani ukatwe ngazi ngazi ili mpya ushikane nao. Ukiumwaga juu ya mteremko laini wenye nyasi, unaacha njia ya maji baina ya tuta la zamani na jipya. Kila tabaka lisizidi shibiri moja, lishindiliwe mpaka kisigino hakizami, ndipo lije jengine. Na mjenge kuzidi kimo mnachotaka, kwa sababu udongo hukaa. Tuta la mita 1.5 lijengwe mita 1.7. Kimo hicho kipimwe kwa alama ya bamvua kubwa kuliko zote iliyoonekana hapo, na juu ya alama hiyo ibaki nusu mita ya akiba kwa ajili ya mawimbi.

Kuna tope moja la kuepukwa nalo ni lile jeusi la kwenye mikandaa, lenye harufu ya yai bovu. Linavutia kwa sababu lipo karibu na linachimbika kirahisi. Likitolewa likakauka juu ya tuta, linageuka kuwa udongo mkali wa asidi wenye madoa ya manjano. Nyasi haziwi juu yake, linapasuka, na maji yanayotiririka kutoka humo hudhuru makonde ya jirani. Isitoshe, kuchimba chini ya mguu wa tuta ni kulikata mguu. Shimo la kuchotea udongo liwe umbali wa mita 5 au zaidi, na liwe upande wa bonde ikiwezekana.

Tuje kwenye bomba la maji, maana matuta mengi hukatikia hapo. Bonde linahitaji kutoa maji matamu ya mvua na kuzuia ya chumvi, kwa hivyo chini ya tuta huwekwa bomba la zege, aghalabu la kipenyo cha sentimita 60, lenye kifuniko upande wa bahari. Bahari ikijaa, inakisukuma kifuniko kikajifunga. Ikikupwa, maji ya bonde yanakisukuma kikafunguka. Hakuna mtu wa kulinda, kifuniko kinafanya kazi chenyewe, almuradi hakuna kilichokikwamisha. Gogo dogo, kifuu cha nazi au kipande cha wavu kikikaa baina ya kifuniko na mdomo wa bomba, bahari inaingia bonde zima usiku bila mtu kujua, na tuta lipo salama salimini. Kwa hivyo bomba liwe na wavu wa kukinga takataka upande wa bonde, na mdomo wa bahari usafishwe kabla ya kila bamvua. Bawaba za chuma cha kawaida huliwa na chumvi kwa muda mfupi. Zikishika kutu, kifuniko hubaki nusu wazi. Kipande kinene cha mpira wa tairi, kilichobanwa kwa bolti zisizoshika kutu, hufanya kazi ya bawaba vizuri na fundi yeyote wa shehia ataweza kukibadilisha.

Hatari ya pili ya bomba ni nje yake. Ubavu wa bomba ni laini, maji hupenda kuufuata. Fundi anayejua kazi huweka kuta ndogo za zege zinazolizunguka bomba, mbili au tatu, ili maji yakifuata bomba yakutane na kizuizi. Tuta likishajengwa kuta hizo hazionekani tena, kwa hivyo ni lazima watu wa shehia wawepo na wazione siku bomba linapofukiwa. Tunalisema hili kwa mkazo. Siku hiyo ya kufukia bomba ina maana kuliko siku ya ufunguzi yenye mahema na hotuba, na ndiyo siku ambayo watu wetu huwa hawapo.

Ikiwa bahari imeshaingia, kuna la kufanya. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita, na kila siku yanayolala kondeni chumvi inashuka chini zaidi. Kwa hivyo la kwanza ni kuyatoa, siku hiyo hiyo yanapokupwa, hata kwa kukata mifereji ya muda kuelekea kwenye bomba. La pili ni kusubiri mvua kubwa, kuyakinga maji matamu kondeni kwa kina cha kama sentimita 10, kuyaacha siku tatu au nne, kisha kuyamwaga yote na kurudia mara mbili au tatu. Kuyakinga bila kuyamwaga hakusaidii, maana chumvi iliyoyeyuka inabaki palepale. Na konde likiachwa tupu juani wakati wa kiangazi, chumvi hupanda tena juu na utaiona imetanda nyeupe. Lifunikwe kwa majani makavu au mabua. Kabla ya kurudisha mbegu, bwana shamba aitwe na kipimo chake. Mpunga huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita, na ikifika kama 7 unategemea nusu ya mavuno au chini ya hapo. Mbegu ni ghali, haifai kuibahatisha.

Mbele ya tuta ni mikandaa, na hapa pana mvutano wa kweli ambao kamati haiwezi kuukwepa. Mikandaa ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye udongo. Pia ndiyo boriti za nyumba, ndiyo kuni za matanuu ya chokaa, ndiyo makaa, na chini yake ndimo kinamama wanamookota kombe na vijana wanamonasa kaa. Kuandika kwenye ubao "Ni marufuku kukata" na kuondoka hakujazuia ukataji popote. Wakataji wawemo kwenye kamati. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, inaruhusu jamii kuingia makubaliano ya kusimamia msitu wake pamoja na Idara ya Misitu, na ndani ya makubaliano hayo mnaweza kupanga ukanda usioguswa kabisa mbele ya tuta, na sehemu nyengine inayokatwa kwa zamu na kwa kibali. Njia ya ngalawa ibaki wazi, na njia ya waokota kombe ibaki wazi. Kamati ikizifunga, itapata maadui usiku.

Kupanda nako kuna elimu yake. Mara nyingi tumeona mikoko, aina mojawapo ya mikandaa, elfu kadhaa imepandwa kwa siku moja, watu wamepiga picha, na baada ya miezi sita hakuna hata mmoja. Sababu kubwa ni mahali. Mkoko hupandwa pale ulipokuwepo mkoko kabla, kwenye tope lililo wazi kwa saa za kutosha maji yanapokupwa. Ukiupeleka nje kabisa mbele ya milana, ile miti iliyo karibu zaidi na bahari, unakaa chini ya maji muda mrefu mno na mawimbi yanauzoa. Ukiupeleka juu kwenye udongo mkavu wenye chumvi kali, unakauka. Huko juu ni pa aina nyengine, mkandaa wenyewe na mchu. Mbegu ya mkoko ichukuliwe ikiwa imekomaa: shingo yake imegeuka manjano na inachomoka kwa kuvutwa kidogo. Ile ya kijani tupu iliyokatwa kwa panga haioti. Ichomekwe thuluthi moja tu, ncha iliyochongoka ikiwa chini, umbali wa mita 1 hadi 1.5 baina ya mche na mche. Baina ya mguu wa tuta na mstari wa kwanza waache mita 5 bila mti, ili mizizi isiingie kwenye tuta na mkaguzi apate pa kupita. Mbuzi na ng'ombe hupenda majani ya mchu, wafungwe mbali kwa miaka miwili ya mwanzo.

Juu ya tuta lenyewe usipandwe mti wowote, hata mnazi. Upepo unautikisa shina, udongo unafunguka, na ukifa mizizi inaoza ikaacha mashimo. Ukoka unatosha. Ufyekwe, usilimwe kwa jembe. Na bodaboda zikatazwe kupita wakati wa mvua, maana alama za magurudumu zinakuwa mifereji. Watoto wa madrasa na watu wa miguu wapite, hawana madhara, na kwa kweli ni macho ya ziada.

Sasa kamati. Kifo kikitokea kwenye shehia zetu hakuna anayengoja barua ya wilaya. Sanda ipo, jeneza lipo, majembe yapo kwenye stoo ya msikiti, wachimbaji wanajulikana, na tangazo la kipaza sauti linatosha. Utaratibu huo hatukuletewa na mradi, na tuta linataka utaratibu wa aina hiyo hiyo. Vifaa vyake viwekwe mahali pamoja panapofunguka saa yoyote: makarai 20, mabeleshi 10, majembe, mashindilio, polo tupu 200, kamba, taa mbili, kipande cha mpira wa bawaba na bolti zake. Visiazimwe kwa ujenzi wa nyumba.

Watu saba wanatosha, na wasiopungua wanne wawe wanawake, kwa sababu makonde mengi ni yao na wao ndio wanaokuwepo bondeni kila siku. Vikao viwekwe wakati wanaoweza kuja, si asubuhi ya kupalilia. Awemo mvuvi mmoja, mkataji mmoja, na mmoja wa vijana anayejua kuandika vizuri. Sheha ndiye msimamizi wa shehia kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014, na bila yeye kamati haitakuwa na nguvu ya kumwita anayeharibu. Lakini tunashauri asiwe mshika fedha. Akiwa yeye ndiye mwenye fedha, hapana wa kumuuliza, na siku akibadilishwa hesabu huondoka naye.

Fedha ziwekwe kama zinavyowekwa kwenye vikundi vya hisa ambavyo kinamama wa shehia hizi wanaviendesha vizuri tu: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na sanduku kwa mtu wa nne. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya watu. Kima cha mchango kiamuliwe na wenye makonde wenyewe, na asiye na fedha atoe siku ya kazi. Bonde lenye makonde 80, kila konde likitoa siku moja ya kazi kwa msimu, ni siku 80 za mtu. Kwa ukaguzi, matundu, kufyeka ukoka na kusafisha mfereji, hizo zinatosha na kubaki. Hazitoshi kwa kujenga upya. Tuta likitaka kuinuliwa lote, hapo ndipo pa kumwendea diwani na mwakilishi kwa ajili ya mfuko wa jimbo, au kuomba kazi hiyo iwekwe kwenye ajira za muda za TASAF, na kuiuliza kwanza Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira kama inahitaji kibali. Kamati yenye daftari itasikilizwa haraka kuliko watu waliokuja na malalamiko matupu.

Daftari liwe la safu nne: tarehe ya mwezi, namba ya kigingi, kilichoonekana, kilichofanywa na nani. Vigingi vipigwe kila mita 20 juu ya tuta, vyenye namba, kuanzia upande wa kibla au upande wowote mtakaokubaliana. Bila namba, mtu atakwambia tuta linavuja "kule karibu na konde la bibi fulani", na usiku wa bamvua watu kumi watapoteza nusu saa wakitafuta na taa.

Kwa wanaotuletea miradi tunaomba mambo machache siku ya kukabidhi. Mtuachie mchoro wa tuta na wa bomba, karatasi moja kwa sheha na moja kwa kamati. Mtuachie alama ya kudumu ya kimo, kwenye jiwe au ukuta wa skuli, ili baada ya miaka mitano tujue tuta limekaa kwa kiasi gani. Na mtuachie kifuniko cha akiba. Mkandarasi alipwe sehemu yake ya mwisho baada ya bamvua za mwezi wa 3 na mvua za masika kupita, kwa sababu masika nayo ni mtihani wa upande wa pili: mto hufura, bahari imejaa, kifuniko kimefungwa, na maji ya mvua yanakusanyika nyuma ya tuta kwa saa kadhaa. Bomba dogo litaonekana hapo, na mfereji usiosafishwa utaonekana hapo.

Kwako wewe Mhariri tuna ombi moja. Gazeti lako linaweza kuchapisha saa na vimo vya maji kujaa kwa siku za bamvua, angalau za mwezi wa 3 na mwezi wa 9, siku mbili kabla. Vimo hivyo hukadiriwa kwa mwaka mzima kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini mkulima wa bondeni haendi ofisi ya bandari. Viwekwe pamoja na saa za sala, kwa herufi zinazosomeka. Sisi tutakata kipande hicho na kukibandika msikitini, skuli, kwenye ubao wa sheha na kwenye banda la bandarini.

Wako,
Wakulima na wavuvi wa mkono wa bahari,
Wilaya ya Mkoani, Pemba.